Kikomo Hakiuzwi Dukani

Wanangu, nawaandikia nyinyi mnaoupenda muziki na vyombo vinavyoupiga. Nimeishi na redio, santuri, kanda na spika tangu ujana wangu, nikizifungua na kuzifunga kwa mikono hii, na riziki yangu imetoka humo. Mnapokuja kwangu huniuliza: Mzee, sasa ninunue nini? Leo nataka kulijibu swali ambalo bado hamjaniuliza, nalo ndilo lenye uzito. Je, mtu aliyekwisha kuingia katika mbio za kubadilisha vyombo anaweza kutulia siku moja akasikiliza muziki tu?

Jibu langu ni kwamba anaweza. Ila hatatulia kwa kupata chombo kisicho na kasoro, maana chombo hicho hakipo. Atatulia siku atakapotamka kwa kinywa chake kwamba hapa panatosha, kabla muuza duka hajamsemea. Hilo ndilo neno langu kwenu. Yanayofuata ni ushahidi wake, kisha wosia.

Mbio hizi huanza kwa mapenzi ya kweli, ndiyo maana ni vigumu kuzitambua. Kijana ana spika mbili ndogo, anapenda rumba, anapenda taarabu, anapenda bongo fleva, na akipiga wimbo anaimba nao. Siku moja anasikia sabufa kwa jirani, na akirudi kwake anauona muziki wake mwembamba. Ananunua sabufa. Besi inajaa chumba, sauti ya mwimbaji inamezwa, basi lawama inaangukia amplifaya. Amplifaya mpya inaziumbua spika za zamani. Spika kubwa zinadai waya mnene. Waya ukishafungwa, anaambiwa kwamba simu anayopigia nyimbo ndiyo inayoharibu, atafute kifaa maalumu cha kugeuza data kuwa sauti. Akimaliza hayo, sabufa ile ya kwanza nayo imeshapitwa na wakati. Kila hatua ina sababu inayoeleweka, na hakuna hata moja inayomwambia asimame.

Jambo hili halikuzaliwa na umeme. Mwaka 1769 mwandishi Mfaransa Denis Diderot aliandika insha ya kulililia joho lake kuukuu la nyumbani. Alikuwa amepata joho jipya, jekundu na la fahari. Alipolivaa akaona kiti chake cha majani hakiendani nalo, akakibadilisha. Meza nayo ikaonekana duni, kisha picha za ukutani, hadi chumba alichokizoea kikawa kigeni kwake. Joho moja lilimgharimu chumba kizima. Nanyi mkileta kitu kimoja cha fahari ndani ya nyumba, tazameni vizuri kinavyoanza kuwaaibisha wenzake.

Kuna dalili ninayoitumia kumtambua aliyekwisha kushikwa. Namwomba anipigie wimbo anaoupenda. Aliye mzima huuweka, hukaa, na pengine husahau kwamba mimi nipo. Aliyeshikwa hupiga mwanzo tu, huniambia "sikia besi hiyo," huukata, huweka mwingine, huniambia "sikia gitaa hilo linavyolia," huukata tena. Mwimbaji hajafika ubeti wa pili. Sebene halijaanza. Nyimbo zimekuwa vipimo vya spika, ilhali spika ilinunuliwa iwe mtumishi wa nyimbo. Jipimeni wenyewe kwa haki: wimbo mnaoutumia kujaribia vyombo, je, mnajua unasimulia nini?

Sasa tuzungumze habari za sikio, kwa sababu wengi mnanunua vitu ambavyo sikio halina mlango wa kuviingizia. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia 20 hivi hadi 20,000 kwa sekunde. Umri ukisogea, ncha ya juu hupungua. Kwetu sisi wazee zile sauti nyembamba za juu kabisa zimekwisha kutuaga. Philips na Sony walipoingiza CD sokoni mwaka 1982, waliamua sauti ipimwe mara 44,100 kila sekunde. Hawakubahatisha. Ili kuuhifadhi mtetemo, ni lazima uupime zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake. Hivyo vipimo 44,100 vinabeba mitetemo inayokaribia 22,050, nako ni kupita mpaka wa sikio la binadamu. Ina maana kwamba upande wa kuhifadhi sauti, fundi alishalifikia sikio kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Mtaniambia kwamba siku hizi kuna rekodi za ubora wa juu zaidi ya CD, na kwamba mnaisikia tofauti. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha matokeo ya jaribio lao katika jarida la Audio Engineering Society. Walichukua rekodi hizo za ubora wa juu, wakawa wanazipitisha katika kifaa kinachozishusha hadi kiwango cha CD, bila msikilizaji kuambiwa ni wakati gani. Majaribio yalikuwa 554. Wasikilizaji walipatia mara 276, yaani sawa na mtu anayerusha sarafu. Na kwa kuwa sitaki kuwapa upande mmoja tu, jueni pia kwamba mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alizikusanya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500, akakuta wasikilizaji walipatia kwa asilimia 52.3. Basi tofauti huenda ipo, hasa kwa masikio yaliyofunzwa kuitafuta. Lakini ni tofauti ya kutafutwa kwa darubini ya hesabu. Haistahili kumnyima mtu usingizi, wala kumnyima mtoto ada ya shule.

Mbona basi mtu akibadilisha chombo husikia mabadiliko? Husikia kweli, simwiti mwongo. Ila mambo mawili humchezea. La kwanza ni ukubwa wa sauti. Chombo kinachopiga kwa desibeli moja zaidi ya kingine husikika kuwa kisafi na chenye uhai, na msikilizaji hatambui kwamba ni sauti tu iliyopanda. Anayetaka kuwauzia kitu anaweza kufanya hivyo kwa kugusa kitufe kidogo tu. La pili ni macho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wasikilizaji spika zilezile mara mbili, mara moja zikiwa zimefichwa, mara nyingine zikiwa wazi. Zilipoonekana, maoni yalibadilika: spika kubwa za kupendeza zikapanda, kijispika kidogo cha bei nafuu kikashuka. Sauti haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kujua kwao.

Na tamaa ya wati ndiyo inayowaumiza zaidi vijana wa kwetu. Pitieni Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, muyatazame masanduku ya sabufa. Mtakuta wati za maelfu zimeandikwa kwa herufi kubwa, na pembeni herufi nne ndogo: PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu. Chukueni kalamu mfanye hesabu. Soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa umeme wa volti 230, hutoa kama wati 2,990 kwa mfululizo, basi. Sabufa iliyochomekwa hapo itazitoa wapi wati 10,000? Geuzeni chombo nyuma, tafuteni palipoandikwa RMS, yaani nguvu ya mfululizo, au kiasi cha umeme kinachotumika. Namba ya kweli iko hapo, na mara nyingi ni ndogo mno. Tena, hata wati zikiwa za halali, kuziongeza maradufu huleta desibeli 3 tu, ambazo sikio huzipokea kama nyongeza ndogo. Ili sauti isikike kuwa kubwa mara mbili, zinahitajika desibeli zipatazo 10, na hizo ni wati mara kumi. Anayetoka wati 50 kwenda 100 amelipa pesa nyingi kwa hatua fupi.

Kuna kikomo kingine ambacho hakuna duka linaloweza kukivuka: kile kilichoingia kwenye maikrofoni siku ya kurekodi. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Santuri za zama zile zilibeba kama dakika tatu tu kila upande, na sindano ilikwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo santuri zake zilienea pwani nzima. Miongoni mwa nyimbo zake ni Kijiti, unaosimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na jinsi haki ilivyopotea mahakamani. Watu waliusikiliza wakajadili hukumu, wakajadili hadhi ya wanyonge, wakaukariri. Mkwaruzo wa sindano haukuwazuia kulielewa hata neno moja lililowauma.

Kadhalika nyimbo za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilikusanyika studio, ikapiga kwa pamoja, utepe ukazunguka, na mwimbaji akikosea wimbo unaanza upya. Wengi wetu tulizipokea nyimbo hizo kwa redio ya spika moja isiyozidi upana wa kiganja. Mbaraka Mwinshehe alipoimba Shida, hakuna aliyeuliza besi iko wapi. Watu waliuliza huyu bwana ameyajuaje ya nyumbani kwangu. Leo mnaweza kuzipiga rekodi zilezile kwa vyombo vya mamilioni, na ni vizuri, kwani mtasikia gitaa la pili lililokuwa limejificha. Lakini chombo hakitaongeza chochote ambacho fundi wa studio hakukinasa. Ukishafika mahali ambapo kila kilichomo kwenye rekodi kinasikika, umefika. Mbele ya hapo hakuna rekodi, kuna wasiwasi tu.

Kama bado moyo unataka kurekebisha, rekebisheni chumba kwanza, kwa maana chumba ni nusu ya spika. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuuponya ukumbi wa mihadhara ambamo maneno ya mwalimu yaligongana na mwangwi wake hadi hayaeleweki. Hakununua mashine. Aliazima mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapima mwangwi unachukua muda gani kufa, akaongeza mito, akapima tena. Elimu ya sauti za kumbi iliyopo leo imeanzia kwenye mito ile. Nanyi fanyeni hivyohivyo. Itoeni spika kwenye kona, kwani kona huivimbisha besi ikafunika sauti za watu. Spika mbili na kiti chenu vifanye pembetatu ya pande sawa. Spika ndogo ya sauti za juu ielekee usawa wa masikio. Tandikeni zulia au mikeka, wekeni mapazia mazito, rafu ya vitabu isimame kwenye ukuta mtupu. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na mabadiliko yake huyashinda yale ya waya wa bei kubwa.

Nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko pesa. Katika mtambo wenu wote kuna kipande kimoja kisicho na spea, nacho ni sikio. Ndani yake mna chembe nyororo zenye nywele, kama 15,000 kila upande, zinazoigeuza mitetemo kuwa ujumbe wa ubongo. Zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni 1 wa umri wa miaka 12 hadi 35 wako hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi. Kiwango ambacho Shirika hilo linakiona salama ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa hizo zinashuka hadi 4 tu. Anayenunua chombo kikubwa ili akipandishe hadi mwisho anaharibu kile ambacho chombo kiliundwa kukihudumia. Mkitoka kwenye muziki masikio yanavuma, hilo ni onyo, lisikieni. Kijana asiyesikia la mkuu katika hili havunjiki guu. Anapoteza sauti ya mtoto wake atakayekuja kumnong'oneza uzeeni.

Pesa nayo haina budi kutajwa. Nimewaona vijana wenye vipaji na kazi nzuri wakichukua mikopo ya simu kwa ajili ya spika, kisha wakaziuza kwa nusu ya bei ili walipie spika nyingine. Nimewaona wake walionyamaza hadi siku moja hawakunyamaza tena. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni kila mlichotumia katika vyombo, na kando yake mwandike mlichotumia kwa wanamuziki wenyewe: viingilio vya maonyesho, kanda, santuri, nyimbo mlizozilipia. Mizani ikiegemea upande mmoja tu, mmekuwa wateja wa viwanda, na yule aliyetunga wimbo mnaodai kuupenda hajapata kitu.

Sisemi kubadilisha chombo ni kosa. Kilichoharibika kitengenezwe au kibadilishwe. Anayesikilizia spika ya simu akajipatia spika mbili za kweli amepiga hatua kubwa, na sikio lake litamshukuru. Fundi wa studio, DJ, mwendesha matangazo, hao chombo ni jembe lao. Tena yupo kijana anayependa ufundi wenyewe: kuunganisha, kupima, kujenga sanduku la spika kwa mbao na gundi. Huyo namheshimu, maana furaha yake iko katika kuunda, naye anajua anachokifanya. Ninayemwonya ni yule anayetafuta muziki ndani ya ununuzi, kwa sababu kila akinunua, muziki unamsogea mbali, naye anadhani dawa ni kununua tena.

Basi shikeni wosia huu.

Kwanza, kabla ya kununua chochote, andikeni kiasi cha pesa na kazi mnayotaka chombo kiifanye katika chumba chenu. Kazi hiyo ikitimia, fungeni mlango. Kikomo kilichowekwa baada ya kuona bidhaa hakina nguvu.

Pili, atakayewaambia kifaa kipya ni bora, mwambieni asawazishe ukubwa wa sauti za vifaa vyote viwili, kisha nyinyi mgeuke, yeye abadilishe bila kuwaambia. Msipoweza kuvitambua mara nyingi kuliko kubahatisha, pesa irudi mfukoni, nanyi mrudi nyumbani na amani.

Tatu, kila wimbo mnaouanza muumalize. Mkiudhiwa na kitu, semeni ni kitu gani katika wimbo kimewaudhi: mpiga ngoma amewahi, mtunzi amekosa vina, mwimbaji hana pumzi. Mkikosa la kusema kuhusu wimbo, mkawa na la kusema kuhusu chombo tu, zimeni chombo mpumzike.

Nne, nendeni mkasikie muziki unapozaliwa. Bendi za Msondo na Sikinde zimewapigia watu wa Dar es Salaam kwa vizazi. Zanzibar kuna kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na kile cha Culture Musical Club cha mwaka 1958; kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Aliyeketi karibu na mpiga fidla anajua sauti ya fidla ilivyo, na hadanganywi tena na sanduku.

Tano, sikilizeni na watu. Waiteni wazazi wawaeleze wimbo ulitungwa lini na ulimlenga nani. Muulizeni bibi maana ya mafumbo ya taarabu. Mtu akisikiliza peke yake kila siku, masikio yake huanza kukagua mashine. Akisikiliza na wenzake, huanza kuyasikia maneno.

Wanangu, Mola awape umri, awape na usikivu wa kuufaidi. Muziki mliokwisha kuupata unatosha maisha mawili, na vyombo vingi mlivyo navyo vinaweza kuubeba. Mkiweka kikomo leo, mtabaki na pesa, na muda, na masikio ya kusikilizia mkiwa na umri kama wangu. Msipokiweka, kila mwaka duka litawaambia kwamba mlichonacho hakifai, nanyi mtaliamini, hadi siku ambayo chombo kitakuwa bora kuliko masikio yaliyobaki kukisikiliza. Amueni sasa, wakati uamuzi bado ni wenu.